Kuanzisha timu ya voliboli ya ufukweni katika chuo cha Marekani

Katika michezo ya vyuo vya Marekani, pambano la voliboli ya ufukweni ni la jozi tano. Kila chuo hupanga jozi zake kwa uwezo; ya kwanza hukutana na ya kwanza, ya pili na ya pili, mpaka ya tano, na chuo kitakachoshinda mechi tatu kimeshinda pambano. Mechi ya jozi ya tano ina uzito uleule wa mechi ya jozi ya kwanza. Karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia idadi ya viwanja hadi namna ya kugawa ufadhili wa masomo, unatokana na hesabu hiyo. Timu changa nyingi huyumba kwa kuisahau: zinahangaika kutafuta nyota wawili, zinawapata, kisha zinaendelea kupoteza 3–2.

Hoja ya kumpelekea mkurugenzi wa michezo

Mwongozo huu ni wa vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ambako mchezo huu ni wa wanawake. Ukisaka nyaraka za kabla ya 2015, utaukuta umeandikwa kama voliboli ya mchangani. Jina rasmi lilibadilishwa mwaka huo.

NCAA iliuingiza kwenye orodha ya michezo ya wanawake inayochipukia, mpango ulioanza 1994 ili kuongeza nafasi za wanawake kama inavyodai Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Mchezo wa orodha hiyo unahitaji kuwa na vyuo 40 vinavyoudhamini ndipo ufikiriwe kupewa ubingwa wa kitaifa. Kuanzia 2012 chama cha makocha wa voliboli, AVCA, kiliendesha ubingwa wake chenyewe huko Gulf Shores, Alabama. Januari 2015 wanachama wa NCAA walipiga kura kuupa mchezo ubingwa rasmi, na Mei 2016 timu 8 zikagombea ubingwa huo wa kwanza, hapohapo Gulf Shores. Chuo cha USC ndicho kilichoibuka bingwa. Mwaka 2022 idadi ya timu ikapanuliwa hadi 16.

Kasi hiyo ina sababu zake, na ndizo utakazoziandika kwenye ombi lako. Kwanza, chuo chenye voliboli ya ndani tayari kina kocha anayeujua mpira, wachezaji wanaoweza kuanza, na mtaalamu wa tiba anayeyajua mabega na magoti yao. Pili, misimu haigongani: ya ndani huchezwa vuli, ya ufukweni huanza mwishoni mwa Februari na kufikia kilele mwanzoni mwa Mei. Tatu, kwa hesabu za Title IX, mwanamichezo anayecheza michezo yote miwili huhesabiwa mara moja kwa kila mchezo. Hii ya tatu itaje kwa tahadhari. Chuo kikiorodhesha wachezaji wa ndani ambao hawakanyagi mchanga isipokuwa siku ya kupiga picha, hiyo si nafasi mpya ya mwanamke yeyote, na mkaguzi ataliona hilo kwenye daftari la mazoezi.

Jibu la kwanza la mkurugenzi huwa kwamba chuo kiko mbali na bahari. Mwambie kuhusu chuo cha TCU. Kipo Fort Worth, Texas, mwendo wa saa nyingi kutoka pwani yoyote, na mwaka 2025 kilichukua ubingwa wa NCAA. Kabla ya hapo mataji yote yalikuwa yamekwenda USC au UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles. Mchanga husafirishwa kwa lori. Anachokosa mtu wa bara ni upepo tu, na hata huo anao siku nyingi kuliko anavyodhani.

Kuhusu ufadhili, pitia kwanza ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za NCAA kabla hujamwahidi mtu yeyote chochote. Kwa miaka mingi kikomo cha Divisheni I, ngazi ya juu ya NCAA, kilikuwa ufadhili kamili 6, unaoweza kukatwa vipande na kugawiwa wachezaji wengi. Tangu msimu wa 2025–26, vyuo vilivyokubali kuingia kwenye mfumo mpya wa kuwalipa wanamichezo vinabanwa na idadi ya wachezaji, 19 kwa mchezo huu, badala ya idadi ya ufadhili. Divisheni III haitoi ufadhili wa kimichezo kabisa, lakini ubingwa ni mmoja kwa divisheni zote tatu.

Viwanja vingapi vinatosha

Mechi moja ni seti mbili za pointi 21, na ya tatu ya pointi 15 ikihitajika. Kila seti ishindwe kwa tofauti ya pointi mbili. Mechi ya kawaida huchukua dakika 40 hadi 60. Ukiwa na viwanja vitano, jozi zote hucheza kwa pamoja na pambano huisha ndani ya saa moja na kitu. Ukiwa na vitatu unahitaji awamu mbili, ukiwa na viwili unahitaji awamu tatu.

Mara moja moja hilo si tatizo. Lakini mchezo huu huchezwa kwa mikusanyiko ya wikendi: vyuo vinne vinakutana mahali pamoja, kila kimoja kikicheza mapambano mawili kwa siku. Vyuo vinne ni mapambano manne kwa siku, yaani mechi 20. Kwenye viwanja vitatu, mechi 20 ni raundi saba za karibu saa moja, na hapo ni kama mvua haikunyesha. Kwa viwanja viwili hutaweza kuwa mwenyeji wa maana, kila wikendi utakuwa barabarani, na pesa uliyookoa kwenye mchanga itaishia kwenye basi na hoteli. Vitatu ni kima cha chini chenye akili. Kama eneo linaruhusu, chimba la vitano hata kama kwa sasa utajaza vitatu. Kuongeza viwanja baadaye pembeni ya mfumo wa maji uliokwisha kufukiwa ni kazi mbaya.

Kipimo cha uwanja ni mita 16 kwa 8. Kila upande acha angalau mita 3 za mchanga mtupu. Viwanja vitano vikipangwa ubavu kwa ubavu, na mita 6 kati ya mstari wa kimoja na wa jirani yake, vinahitaji upana wa mita 70 na urefu wa mita 22, yaani mita za mraba 1,540. Vitatu vinahitaji mita 42 kwa 22, yaani 924. Ulalo wa urefu uwe kaskazini-kusini. Uwanja uliolala mashariki-magharibi humchoma macho mchezaji wa upande mmoja kila mpira wa juu asubuhi na jioni, ambayo ndiyo saa ya mazoezi ya wanafunzi.

Mchanga, na kilicho chini yake

Hapa ndipo pesa inapopotea. Uwanja mbovu wa mchanga hauonekani ubovu wake siku ya uzinduzi. Unaonekana baada ya mvua ya tatu.

Anza na maji. Chimba sentimita 70: sentimita 30 za kokoto na 40 za mchanga. Sakafu ya shimo iteremke kwa asilimia 1, maana yake sentimita 22 kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, kuelekea upande wenye mabomba makuu. Laza mabomba ya kipenyo cha sentimita 10 yenye matundu, yafunike kwa kokoto zilizooshwa, kisha tandaza kitambaa cha kuchujia juu ya kokoto zote kabla ya kumwaga mchanga. Kitambaa hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho mkandarasi atataka kukiruka. Usikubali. Bila kitambaa, mchanga hushuka kati ya kokoto, huziba mabomba, na ndani ya misimu michache unakuwa na dimbwi chini na uwanja uliobonyea juu. Vipande vya kitambaa vipandane kwa sentimita 30 kwenye maungio, na kingo zake zipande ukutani hadi karibu na uso wa mchanga. Mahali penye udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, ni afadhali kujenga uwanja juu ya ardhi kwa kuuzungushia ukuta mfupi kuliko kuchimba bakuli.

Sasa mchanga wenyewe. Kina cha chini ni sentimita 40. Kwa eneo la viwanja vitatu hiyo ni mita za ujazo 370, na kwa vitano ni 616. Ukichukua tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, unazungumzia karibu tani 590 au 985. Agiza asilimia 10 zaidi, kwa sababu mchanga hushikana na kushuka miezi ya mwanzo. Lori la tani 20 litakuja zaidi ya mara 30 kwa viwanja vitatu, kwa hiyo panga njia yake mapema: lori likipita juu ya mabomba uliyokwisha kulaza, umeyapasua.

Mchanga wa ujenzi haufai. Huo umechaguliwa kwa sababu unashikana, na wewe unataka usioshikana. Unaotakiwa ni mchanga wa silika uliooshwa na kuchekechwa, chembe zake nyingi ziwe kati ya milimita 0.5 na 1, bila vumbi, bila udongo na bila vijiwe. Umbo la chembe nalo lina maana. Zenye kona kali huchubua ngozi, za duara kabisa hukimbia chini ya mguu na mchezaji hapati pa kuruka. Omba zilizo katikati. Mchanga wa chokaa ukatae hata ukiwa mweupe wa kupendeza, kwa kuwa husagika na kuwa vumbi linaloganda. Rangi nzuri ni ya kahawia iliyofifia: mchanga mweusi hunyonya joto na kuchoma nyayo, mweupe sana humulika macho.

Kabla ya kusaini, omba sampuli kutoka kwenye rundo lenyewe litakalopakiwa, si ile iliyowekwa ofisini. Jaza chupa ya kioo nusu mchanga na nusu maji, itikise kwa dakika moja, iache itulie saa kadhaa. Maji yakibaki na tope, au ukiona utando wa udongo uliokaa juu ya mchanga, rudisha. Kisha mimina mchanga uliolowa kwenye sinia na uuache ukauke. Ukikauka na kuwa mkate mgumu, hivyo ndivyo uwanja wako utakavyokuwa mwezi wa nne.

Kingo za uwanja zisiwe saruji tupu wala mbao ngumu zilizo wazi, kwa sababu mtu anayefukuzia mpira haangalii chini. Zifunike kwa mpira laini au turubai nene lililojazwa. Mlangoni weka bomba la kuoshea miguu, lakini maji yake yasiende moja kwa moja kwenye mtaro wa jengo. Yapite kwanza kwenye kisima kidogo cha kunasa mchanga, la sivyo idara ya matengenezo ya chuo itakuchukia ndani ya muhula mmoja.

Matunzo ni ya kila siku. Mchanga hutoroka kutoka sehemu zinazorukiwa, yaani chini ya wavu na kwenye eneo la kuanzishia, ukajilundika pembeni. Kila baada ya mazoezi wachezaji wavute mchanga kutoka pembeni kuelekea katikati kwa reki pana, si kinyume chake. Mara moja kwa wiki tibua kwa kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa sababu mchanga usiotibuliwa huwa sakafu, na faida yote ya kuyapunguzia magoti mshindo hupotea. Siku za joto mwagilia saa moja kabla. Usiku funika, zaidi kwa ajili ya paka kuliko mvua.

Nguzo, wavu na mpira

Nguzo ziwe laini, za duara, zenye urefu wa mita 2.55 juu ya mchanga, zimesimama kati ya sentimita 70 na mita 1 nje ya mstari wa pembeni, na zimefungwa magodoro. Usitumie nguzo zinazoshikiliwa na nyaya. Waya ni mtego wa mguu. Anayeagiza nguzo mara nyingi husahau sehemu inayozama: sentimita 40 za mchanga, 30 za kokoto, na mita moja ndani ya zege. Nguzo nzima basi ni mita 4.25. Ukiagiza fupi, utalazimika kupunguza zege, na wavu ukikazwa nguzo zitainamiana hadi katikati ya wavu kulegea.

Urefu wa wavu kwa wanawake ni mita 2.24, na upimwe katikati kwa fimbo kila siku, kwa sababu mchanga chini yake hubadilika. Hiki ni kipimo ambacho watu hukidharau. Shimo la sentimita 6 chini ya wavu ni sawa na kuupandisha wavu kwa sentimita 6, na wapigaji wako watajifunza muda wa kuruka usio sahihi. Wavu una urefu wa mita 8.5 na upana wa mita 1. Antena ni za mita 1.80, sentimita 80 zikichomoza juu ya wavu. Mistari ni utepe wa sentimita 5 wenye rangi inayotofautiana na mchanga, umefungwa kwa kamba zinazonyumbulika kwenye sahani za mbao au plastiki zilizofukiwa pembe nne. Usifukie vyuma.

Mpira una mzingo wa sentimita 66 hadi 68 na uzito wa gramu 260 hadi 280, lakini shinikizo lake ni dogo kuliko la mpira wa ndani: kilo 0.175 hadi 0.225 kwa sentimita ya mraba, wakati wa ndani ni 0.30 hadi 0.325. Nunua pampu yenye geji. Mpira uliojazwa kwa kubonyeza na kidole gumba karibu kila mara huwa mgumu kupita kiasi, hupaa kwenye mapokezi, na mchezaji hulaumiwa kwa kosa la pampu.

Wachezaji kumi wa kuanza, na wengine

Jozi tano ni watu 10. Ndani ya mechi hakuna kubadilisha mchezaji. Anayeumia akashindwa kuendelea, jozi yake imepoteza. Jozi inayokosekana kabisa ni pointi ya bure kwa mpinzani, na kuanza pambano ukiwa nyuma 1–0 dhidi ya timu ya kiwango chako ni kujinyonga. Kusajili wachezaji 16 ni salama, 14 ni kubahatisha, na zaidi ya 18 kwenye viwanja vitatu ni watu wanaosimama pembeni wakitazama wenzao.

Mwaka wa kwanza wengi watatoka timu ya ndani. Wachague kwa mapokezi na ulinzi kabla ya urefu. Ufukweni kila mtu hupokea, kila mtu hunyanyua mpira, kila mtu hupiga, na mpinzani ana uhuru wa kumwanzishia yuleyule dhaifu mpira hata mara 20 mfululizo. Mzuiaji mrefu wa katikati ambaye hajapokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha, tangu sekondari ataonewa. Mfano wa upande mwingine ni Kristen Nuss wa chuo cha LSU, Louisiana: si mrefu kwa viwango vya mchezo huu, lakini alitawala mchanga wa vyuo kwa ulinzi na mbio, kisha yeye na Taryn Kloth, mwenzake wa LSU aliyetokea voliboli ya ndani katika chuo cha Creighton, wakaiwakilisha Marekani Olimpiki ya Paris 2024. Hao wawili ndio mchanganyiko unaoutafuta: mlinzi mfupi mwepesi na mzuiaji mrefu aliye tayari kujifunza upya.

Unaposajili, wazazi na wachezaji watauliza njia hii inaelekea wapi. Una majibu ya kweli. Sara Hughes na Kelly Claes, jozi namba moja ya USC katika mataji ya 2016 na 2017, walitwaa ubingwa wa dunia pamoja mwaka 2023, Claes akiwa tayari anaitwa Cheng. Tīna Graudiņa wa Latvia alicheza USC na kufika nafasi ya nne Olimpiki ya Tokyo. Kwa hiyo usiishie kutafuta ndani ya Marekani. Nchi nyingi zina wasichana waliokulia mchangani ambao hawana chuo cha kuwachukua nyumbani.

Jambo moja la afya lisimamiwe mapema. Mchezaji anayetoka msimu wa ndani Desemba ana miezi minne ya kuruka mwilini. Mpe wiki tatu bila kuruka, kisha mwingize mchangani kwa vipindi vya dakika 45 kabla ya kupanda hadi saa mbili. Mchanga huyahurumia magoti lakini huyatesa mashavu ya miguu na kano za kisigino, na wanaoanza kwa pupa hukaa nje ya timu Februari yote.

Tabia za ndani za kung'oa

Kanuni chache zinatofautiana na za ndani, na kila moja huzaa makosa yake. Bloku huhesabiwa kama mguso wa kwanza kati ya mitatu, hivyo baada ya kugusa juu ya wavu mmebakiwa na miwili. Wageni huufuata mpira kana kwamba wana mitatu, wanaumiminia mwenzao pasi ya kupendeza, na filimbi inalia wanapotaka kupiga. Kudokoa mpira kwa ncha za vidole vilivyofunguka hakuruhusiwi. Tumia vifundo vya vidole au kiganja kigumu. Kunyanyua mpira kwa vidole huamuliwa kwa ukali: ukitoka ukizunguka, waamuzi wengi wataita mguso mara mbili. Kwa wiki sita za mwanzo waamuru wote wanyanyue kwa mikono ya chini peke yake. Watalalamika, wacha walalamike; mpira wa mikono ya chini uliotulia una thamani kuliko wa vidole unaozomewa.

Upepo ni somo la peke yake. Upande mzuri ni ule unaoelekeza uso kwenye upepo: sevu na smashi zako huangushwa chini na upepo, zinabaki ndani hata ukipiga kwa nguvu. Mwenye upepo mgongoni huona kila kitu kikipaa nje. Ukishinda kura ya sarafu siku ya upepo mkali, chagua upande mzuri na mwachie mpinzani sevu. Pande hubadilishwa kila jumla ya pointi 7 katika seti za 21, na kila pointi 5 katika seti ya 15, kwa hiyo faida hiyo ni fupi na inabidi ivunwe mara moja. Mazoezini fanyeni hivyohivyo: pointi 7, badilisheni, hakuna kukaa upande mtamu saa nzima kwa kuwa kocha ameweka kiti chake pale.

Ishara za mgongoni zifundishwe wiki ya kwanza. Mzuiaji aliye wavuni huonyesha kwa mkono wa kushoto atakachofanya dhidi ya mpigaji wa upande wa kushoto, na kwa wa kulia dhidi ya wa upande wa kulia. Kidole kimoja ni kuziba mpigo wa kufuata mstari wa pembeni, viwili ni kuziba wa mshazari, ngumi ni kutozuia na kurudi nyuma. Mlinzi huchukua eneo linalobaki. Ishara isiyotazamwa na mlinzi ni mapambo tu, kwa hiyo mlazimu aitikie kwa sauti kabla ya kila sevu.

Kutengeneza jozi

Usiamue jozi kwa urafiki wala kwa picha uliyo nayo kichwani. Wagawe wachezaji 16 katika makundi ya wanne. Wanne wana njia tatu tu za kuoanishwa, kwa hiyo kila kundi hucheza seti tatu za pointi 15, kila mtu akicheza mara moja na kila mwenzake, na pointi huandikwa kwa jina la mtu, si la jozi. Wa kwanza wa kila kundi hupanda, wa mwisho hushuka, na kesho mnarudia. Baada ya wiki mbili orodha itakuwa imejipanga kwa ushahidi ambao hata mchezaji aliyekasirika hawezi kuubisha.

Kisha angalia vitu ambavyo pointi hazionyeshi: nani anapenda kupokea kushoto na nani kulia, nani mzuiaji na nani mlinzi, nani hunyamaza akikosea na nani huongea kupita kiasi. Walinzi wawili wazuri wanaweza kuwa jozi ya tano bora kabisa, wakishinda kwa kurudisha kila mpira hadi mpinzani akosee. Wazuiaji wawili hawafanikiwi kirahisi hivyo.

Kanuni inataka jozi zipangwe kwa uwezo halisi. Kuificha jozi kali kwenye namba tano ili kuokota pointi ya bure ni udanganyifu, na matokeo ya wikendi zilizopita huonekana na kila mtu. Ujanja halali ni wa mapema zaidi: kuamua kama mchezaji wako bora na wa pili wake wacheze pamoja au watenganishwe. Wakiwa pamoja unapata namba moja yenye nguvu na pengine pointi moja ya uhakika. Ukiwatenganisha, kila mmoja humwinua mwenzake, na namba moja na mbili zote zinakuwa na nafasi. Kwa timu changa isiyoweza kuishinda namba moja ya vyuo vikubwa hata ikiwaunganisha, kutenganisha huzaa pointi zaidi. Zile pointi tatu zitafute kwenye namba tatu, nne na tano, ambako wapinzani nao huwa wamebana matumizi, na gawa muda wa makocha mazoezini kwa kufuata hilo.

Siku ya pambano

Pima nyavu zote asubuhi. Pulizeni mipira kwa geji baada ya jua kupanda, siyo kabla, kwa sababu hewa ya moto huongeza shinikizo. Wachezaji wawe na maji, chumvichumvi na soksi za mchanga kwa siku ambazo uso wa uwanja unaunguza. Radi ikisikika wote watoke, na saa ya kusubiri ni dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Kila mngurumo mpya huianzisha upya. Kwa viwanja vitatu tengeneza ratiba inayovumilia kupoteza saa moja.

Makocha hawatatosha viwanja vitano. Wengi hukimbilia namba moja kwa sababu ndiko kwenye watazamaji na kelele, na ndiyo jozi inayowahitaji kidogo zaidi. Kocha mkuu aanze kati ya uwanja wa namba tatu na nne. Msaidizi akae namba tano mpaka seti ya kwanza iishe. Mtu mmoja, hata mwanafunzi wa kujitolea, azunguke na karatasi ya matokeo ya viwanja vyote na kumletea kocha mkuu kila pande zinapobadilishwa, kwa kuwa pambano likiwa 2–1 huku mbili zikiendelea, kocha lazima ajue ni ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu kuanguka, na aelekee huko kabla haijaanguka.